Ripoti Fomu, KCSE na SAT: Mwongozo Kamili wa Kuomba Chuo Kikuu cha Marekani Ukiwa Nairobi

Kila mwaka, kuanzia Oktoba hadi katikati ya Januari, maswali ninayoletewa ni yale yale. Mtu ana KCSE nzuri, amefanya SAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vya Marekani, akapata alama za kujivunia, amejaza fomu zote, halafu chuo kinamwandikia kwamba maombi yake hayajakamilika. Ukichunguza unakuta kilichokwama ni rekodi za shule. Ama shule imetuma picha ya ripoti fomu moja iliyopigwa kwa simu, ama haijatuma chochote.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza shuleni, na SAT inakuja baadaye. SAT iko mikononi mwako. Ukiamua kusoma leo, unasoma. Rekodi za shule ziko katika ofisi ya mtu mwingine mwenye shughuli zake, na ofisi hiyo hufungwa likizo. Kazi inayomtegemea mtu mwingine ianze kwanza.

Nimewaandikia waliosoma mfumo wa 8-4-4. Walio katika shule za mtaala wa Uingereza au IB huwa na washauri wanaofanya kazi hii kila mwaka. Kwa 8-4-4 bado ipo miaka michache: KCSE ya mwisho ni ya 2027, na watakaofuata ni wa mtaala mpya wa CBC, walioingia Gredi ya 10 Januari 2026.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ripoti fomu za mihula yote, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne.
- Slipu ya matokeo ya KCSE, au cheti chenyewe kama kimeshatoka, pamoja na nambari yako ya mtahiniwa yenye tarakimu 11.
- Cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Kama pasipoti huna, ombi lianze leo kwenye eCitizen, kwa sababu safari ya Nyayo House haikwepeki.
- Barua pepe moja yenye jina lako halisi, si ile uliyofungua ukiwa darasa la saba. Hiyo hiyo itumie kila mahali.
- Laptopu, hata ya kuazima. Simu haitoshi kwa kazi hii, na SAT haifanyiki kwa simu.
- Njia ya kulipa mtandaoni kwa dola. Kama huna kadi ya benki, kadi ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi kwenye tovuti nyingi.
- Mwalimu mmoja aliye tayari kubeba mzigo huu pamoja nawe. Kama hujui ni nani, Hatua ya 5 itakusaidia kumchagua.

## Hatua ya 1: Panga mwaka wako

Vyuo vingi vya Marekani hufungua masomo Agosti au Septemba. Common App, mfumo ambao hukuwezesha kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, hufunguliwa tarehe 1 Agosti ya mwaka unaotangulia. Maombi ya mapema mara nyingi hufungwa tarehe 1 Novemba, na yale ya kawaida siku za kwanza za Januari.

Sasa linganisha na kalenda yetu. Novemba uko ndani ya chumba cha mtihani. Matokeo ya KCSE ya 2023 yalitangazwa 8 Januari 2024, na ya 2024 yakatangazwa 9 Januari 2025. Yaani vyuo vingi huwa vimeshafunga mlango siku chache kabla wewe hujajua umepata nini.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuomba ukiwa bado Kidato cha Nne, kwa kutumia alama za shule na makadirio ya walimu. Ya pili ni kumaliza KCSE, kungoja matokeo, na kuomba kuanzia Agosti inayofuata. Kwa wengi ninaowaona, hasa wa shule za bweni wasio na simu wala intaneti, ya pili ndiyo ya busara. Mwaka wa katikati haukuharibii jina mradi ueleze ulivyoutumia: kufundisha mtaani, kusaidia dukani kwa mama, kujisomea programu za kompyuta.

Onyo: usijiunge na chuo kikuu cha hapa Septemba "kwa muda tu" huku ukiendelea na maombi. Ukishaanza shahada na kupata alama za chuo, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kama mwanafunzi wa kuhama, na nafasi na ufadhili wa wanaohama huwa finyu zaidi. Kama umepewa nafasi na KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo vya hapa, na hutaki kuipoteza, andikia kila chuo unachokitaka uulize sheria yake kabla hujaripoti.

Mwisho wa hatua hii uwe na karatasi moja ukutani yenye tarehe tatu kwa kila chuo: ya kufunga maombi, ya kupokea rekodi za shule, na ya mwisho ya SAT inayokubalika.

## Hatua ya 2: Sawazisha majina

Hatua ndogo, lakini imewaliza wengi. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, KCSE ina mawili, na pasipoti imegeuza jina la babu kuwa la ukoo. Kwa afisa wa chuo, hao wanaweza kuwa watu watatu.

Chukua jina lililo kwenye pasipoti, na utumie hilo hilo, kwa tahajia hiyo hiyo, kwenye akaunti ya SAT na Common App. Common App ina nafasi ya kuandika majina mengine yaliyo kwenye hati zako. Weka hapo jina la KCSE. Kama kosa liko kwenye KCSE yenyewe, marekebisho hupitia KNEC, baraza la mitihani, na huchukua muda, kwa hiyo usiyaache hadi Desemba.

Ukiweka pasipoti, slipu ya KCSE na akaunti zako pembeni kwa pembeni, kusiwe na herufi inayopishana bila maelezo.

## Hatua ya 3: Kusanya ripoti fomu

Chuo kitataka kuona miaka minne ya sekondari. Kwao Kidato cha Kwanza ni gredi ya 9 na Kidato cha Nne ni gredi ya 12. KCSE peke yake haitoshi: inaonyesha wiki chache za mtihani, na wao wanataka kuona ulivyosoma miaka minne.

Anza nyumbani. Ripoti fomu za Kidato cha Kwanza mara nyingi ziko kwenye bahasha ya karo, zimekunjwa mara nne, na mhuri wa shule umeangukia juu ya gredi ya wastani hadi haisomeki. Zinyooshe, kisha zipeleke saiba zikaskaniwe kwa rangi, kila ukurasa mzima na pembe zake zote. Zihifadhi kwa PDF, na ulipe kila faili jina linaloeleweka: Kidato1-Muhula2-2022, si IMG_4471.

Zilizopotea, omba shuleni. Shule nyingi sasa huhifadhi alama kwenye mifumo ya kompyuta kama Zeraki, na mwalimu anayesimamia mitihani anaweza kuzichapa upya. Ukienda na orodha kamili ya mihula inayokosekana utahudumiwa haraka kuliko ukienda na "nilipoteza ripoti zangu". Piga simu kwanza. Epuka wiki ya kufungua shule na wiki ya kufunga, maana karani hana hata nafasi ya kuinua kichwa.

Kama una salio la karo, lizungumzie na bursa mapema. KNEC imesema mara nyingi kwamba shule hazina ruhusa ya kuzuia cheti cha KCSE kwa sababu ya karo, lakini rekodi za ndani za shule ni suala la maelewano, na maelewano hayapatikani kwa kelele.

## Hatua ya 4: Geuza ripoti kuwa transkripti

Hapa ndipo wengi huanguka. Shule zetu hutoa ripoti fomu kila muhula. Vyuo vya Marekani huomba transkripti, yaani karatasi moja au mbili zinazoonyesha masomo yote na alama zote za miaka minne, zimetiwa saini na mhuri. Shule nyingi za hapa hazijawahi kutengeneza moja. Ukimwomba mwalimu mkuu "transkripti" bila maelezo, atakupa cheti cha kumaliza shule, kile kinachosema ulikuwa mtiifu na ulicheza mpira wa wavu. Kizuri, lakini hakina alama hata moja.

Usingoje waivumbue. Andaa rasimu wewe mwenyewe kwa kompyuta, uwapelekee pamoja na ripoti fomu zote, kisha wao wahakiki kila alama dhidi ya rekodi zao, wachapishe kwenye karatasi yenye anwani ya shule, watie saini na mhuri. Wewe ni mpiga chapa tu. Hati ni ya shule.

Juu iandike jina la shule, anwani, jina lako, nambari ya usajili, tarehe ya kuingia na ya kumaliza. Chini yake iwe jedwali. Mstari wa somo moja uonekane hivi:

Hisabati — Kidato 1: B, B+, B+ | Kidato 2: B+, A-, B+ | Kidato 3: A-, B+, A- | Kidato 4: A-, A- | KCSE: A-

Kidato cha Nne kina mihula miwili kwa sababu wa tatu ni wa KCSE. Andika hivyo chini ya jedwali, la sivyo mtu wa Ohio atadhani umeficha muhula.

Mambo manne ya kuzingatia, na la kwanza ndilo zito kuliko yote.

Asilimia. Ripoti zetu huandika asilimia na gredi. Shule nyingi hutunga mitihani migumu makusudi, na asilimia 62 katika Kemia inaweza kuwa B nzuri. Kwa Mmarekani, asilimia 62 iko mlangoni pa kufeli. Ukituma asilimia tupu umejichongea mwenyewe. Weka gredi mbele, na chini ya ukurasa weka kipimo cha shule yenu: kuanzia asilimia ngapi ni A, ngapi ni A-, hadi E. Weka pia pointi za KCSE, A ikiwa 12 na E ikiwa 1.

GPA. Usijibadilishie gredi kuwa GPA ya 4.0, wastani wa alama wa Kimarekani. Kwenye mtandao kuna vikokotoo vingi, kila kimoja na jibu lake, na vyuo havikuombi ufanye hivyo. Vina watu wanaosoma rekodi za Kenya kila msimu. Andika kilichoandikwa shuleni, basi.

Masomo yaliyopungua. Kidato cha Kwanza na cha Pili ulikuwa na masomo kama 11 au 12. Kidato cha Tatu yakabaki saba au nane. Asiyeujua mfumo ataona mwanafunzi aliyeacha masomo manne kwa mpigo. Sentensi moja inatosha: wanafunzi wote huchagua masomo ya KCSE wanapoingia Kidato cha Tatu.

Kidato cha Kwanza kilichokwenda vibaya. Kiache kilivyo. Kutoka C+ hadi A- ni simulizi nzuri mbele ya msomaji wa maombi. Muhula usiopatikana kabisa uandikwe kwamba haupatikani, na shule ieleze sababu kwa mstari mmoja.

Kuhusu kurekebisha "kidogo tu" gredi moja kabla ya kwenda kuchapa: achana nalo. Kila mtu Nairobi anaijua River Road na vyeti vyake vya kughushi, na vyuo navyo vinajua. Rekodi zako zitalinganishwa na KCSE, na chuo kinaweza kufuta nafasi hata baada ya kuripoti.

Utajua umefaulu ukimpa mtu asiyewahi kufika Kenya karatasi hiyo, akaweza kukwambia somo lako bora ni lipi, uliimarika wapi, na A- maana yake nini, bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 5: Mtafutie mwalimu kazi anayoiweza

Katika Common App humtumii chuo transkripti wewe. Unaandika jina na barua pepe ya mshauri wa shule, naye hupokea kiungo, hujaza ripoti ya shule, hupakia transkripti na maelezo ya shule, na huandika barua. Walimu wa masomo huandika barua zao kivyao.

Mshauri si lazima awe na cheo hicho. Anaweza kuwa mwalimu wa ushauri nasaha, naibu wa mwalimu mkuu, au mkuu wa masomo. Ushauri wangu: mchague anayefungua barua pepe kila siku kuliko mwenye cheo kikubwa. Mwalimu mkuu anaweza kutia saini. Anayebofya awe mtu mwenye muda.

Mtumie ujumbe mfupi unaoonyesha kazi yote, usimwamshe na "Mwalimu, nisaidie na maombi". Kwa mfano:

*"Habari za asubuhi, Mwalimu. Mimi ni wa darasa la 2024, 4 East, nambari 10233. Naomba vyuo vya Marekani na ninahitaji mtu wa shule wa kupakia hati mbili na kujaza fomu moja, kazi ya saa moja hivi. Rasimu za hati nimeshaziandaa. Naweza kuja Jumanne au Alhamisi saa kumi, na laptopu yangu pamoja na intaneti. Tarehe ya mwisho ni 20 Oktoba. Nitashukuru sana, Mwalimu."*

Tarehe ya mwisho unayompa iwe siku kumi kabla ya ile halisi. Na kweli uende, ukae pembeni yake: ujumbe wa Common App huangukia kwenye barua taka, na kwa simu fomu ile inachosha. Anapoandika barua kukuhusu, toka nje.

Kabla ya kumwalika, mfumo utakuomba ujaze sehemu ya FERPA, sheria ya Marekani kuhusu rekodi za wanafunzi. Inauliza kama unaachilia haki ya kuja kusoma barua zilizoandikwa kukuhusu. Kubali kuiachilia, vyuo huziamini zaidi barua ambazo mwombaji hazioni.

Onyo kali: usifungue barua pepe ya uongo kwa jina la mwalimu ukajipakia hati mwenyewe. Najua watu huambizana ni njia ya mkato. Chuo kikipiga simu shuleni, na kuna vinavyopiga, umekwisha.

Hati ya pili ni maelezo ya shule, ukurasa mmoja. Iseme shule ni ya kitaifa, ya kaunti au ya kutwa. Ilikuwa na watahiniwa wangapi mwaka wako. Wangapi walipata A, A-, B+ na kushuka. Na masomo yanayofundishwa. Iseme wazi kwamba hakuna madarasa ya AP (yale ya Kimarekani ya kiwango cha chuo) wala ya viwango tofauti, kila mwanafunzi hufuata mtaala mmoja wa kitaifa. Hilo lina uzito, kwa sababu fomu humuuliza mshauri kama masomo uliyochukua yalikuwa magumu ukilinganisha na yaliyopatikana shuleni. Mwenye Fizikia, Kemia, Biolojia na Hisabati kwa pamoja amebeba mzigo mzito uliopo, na mshauri aandike hivyo.

Ongeza pia jinsi gredi ya wastani inavyopatikana. Tangu KCSE ya 2023 huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano bora, jumla pointi 84.

## Hatua ya 6: Amua kama SAT unaihitaji

Usilipe kabla ya kusoma ukurasa wa kila chuo. Sera zimebadilika sana tangu 2020 na haziendi upande mmoja.

MIT ilirudisha sharti la SAT au mtihani mwenzake, ACT, mwaka 2022. Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zilitangaza kurudisha mitihani mwaka 2024. Yale inakubali pia AP au IB badala yake. Upande wa pili, Chuo Kikuu cha California, chenye Berkeley na UCLA ndani yake, hakitazami SAT kabisa, hata ukiituma. Katikati kuna mamia ya vyuo vinavyokuachia uamuzi.

Soma hadi chini, kwenye maandishi madogo ya wanafunzi wa nje. Dartmouth, kwa mfano, ilipotangaza sera yake iliruhusu waliosoma nje ya Marekani kuleta matokeo ya mtihani wa kitaifa unaolingana na A-Level badala ya SAT. Harvard nayo iliacha nafasi ya mitihani ya kitaifa kwa wale ambao SAT haifikiki kwao. Ukiishi Nairobi, ambako vituo vipo, ni vigumu kudai kwamba haifikiki. Kama huna hakika KCSE yako inakubalika, waandikie ofisi ya udahili barua pepe ya mistari mitatu, hujibu.

Maoni yangu: kama unahitaji ufadhili mkubwa, fanya SAT hata pale inapoachwa kwa hiari. KCSE yako inasomwa na wachache wanaoijua vizuri; SAT kila mtu mezani anaielewa. Lakini usitume alama iliyo chini sana ya zile ambazo chuo kimechapisha kwa wanafunzi wake, kama hukulazimishwa.

## Hatua ya 7: Jisajili na ufanye SAT

Nje ya Marekani, SAT imekuwa ya kompyuta tangu Machi 2023, kupitia programu ya Bluebook. Kujisajili ni kwenye tovuti ya College Board, wenye mtihani huo. Kwa msimu wa 2024–25 ada ilikuwa dola 68, na dola 43 zaidi kwa anayefanyia nje ya Marekani. Msamaha wa ada hii haupatikani kwa sisi wa huku, kwa hiyo panga pesa kabisa. Vituo vya Nairobi huwa katika shule za kibinafsi na viti hujaa. Jisajili miezi kadhaa kabla, usije ukajikuta kituo kilichobaki kiko nchi jirani.

Mtihani una sehemu mbili. Kusoma na kuandika Kiingereza ni maswali 54 kwa dakika 64, na Hisabati ni maswali 44 kwa dakika 70. Kila sehemu imegawanywa mara mbili, na ulivyofanya nusu ya kwanza ndivyo ugumu wa nusu ya pili unavyopangwa. Kwa hiyo usiichukulie nusu ya kwanza kama ya kupashia mwili moto. Ukiiharibu, unapata nusu ya pili rahisi ambayo haiwezi kukufikisha juu. Jumla ni kati ya 400 na 1600.

Aliyepata B+ ya Hisabati ya KCSE anajua sehemu kubwa ya hesabu zake. Kinachomshinda ni kasi na maswali ya maneno. Kikokotoo cha Desmos kimo ndani ya programu. Jifunze kuchora grafu nacho, kwa sababu kuna maswali ambayo kwa mkono ni dakika tatu na kwa grafu ni sekunde ishirini.

Kiingereza ndicho huwashangaza watu wetu. Hakuna insha, hakuna vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa. Ni vifungu vifupi, kila kimoja na swali moja, na mengi huuliza ni jibu gani linathibitishwa na maandishi yenyewe, bila wewe kuongeza unachokijua. Na jaza kila swali, maana kukosea hakupunguzi alama.

Mazoezi ni bure. Bluebook ina mitihani kamili ya majaribio, na Khan Academy ina masomo yaliyotengenezwa pamoja na College Board. Ukikosa utulivu nyumbani, Maktaba Kuu ya Upper Hill au ile ya Buruburu itakufaa. Kabla ya kumlipa mtu yeyote maelfu ya "kozi ya SAT", fanya mtihani mmoja kamili wa majaribio ukiwa umetega saa. Utajua kama tatizo lako linahitaji mwalimu au linahitaji usingizi.

Siku chache kabla ya mtihani fungua Bluebook ukamilishe maandalizi, upate tiketi ya kuingia. Siku yenyewe beba pasipoti, laptopu iliyojaa chaji, na chaja. Windows, Mac na iPad hukubaliwa. Chromebook yako binafsi haikubaliwi, hadi iwe ya shule. Milango hufungwa saa mbili asubuhi, na Thika Road haimjali mwenye mtihani. Ondoka nyumbani kama anayekwenda uwanja wa ndege.

## Hatua ya 8: Jaza masomo na matokeo kwenye Common App

Kwenye sehemu ya mitihani utaulizwa kama katika mfumo wenu wanafunzi hupandishwa kwa mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari. Wengi hujibu hapana kwa sababu swali limeandikwa kwa kuzungukazunguka. Jibu ni ndiyo: huo ndio mlango wa KCSE. Ukijibu hapana, nafasi ya kuandika matokeo yako haitafunguka.

Ukishafungua, andika masomo yote ya KCSE na gredi zake, hata ile ya D+ ya somo la nane. Kama bado hujafanya mtihani, andika masomo utakayofanya na tarehe.

Kwenye kipimo cha alama, acha GPA wazi. Kwenye masomo ya mwaka wa mwisho, andika ya Kidato cha Nne, hata kama ulimaliza mwaka uliopita. SAT unaweza kujiandikia mwenyewe. Vyuo vingi huhitaji ripoti rasmi baadaye, ukishakubaliwa na kuamua kwenda. Hiyo inakuokoa ada ya kutuma kwa kila chuo.

Ada za maombi zenyewe zinaweza kusamehewa ndani ya Common App kama familia haina uwezo, na mshauri wako athibitishe. Omba bila haya.

Ukikwama, kituo cha EducationUSA kilicho Ubalozi wa Marekani, Gigiri, kinatoa ushauri bila malipo. Wanafunzi wenye KCSE za juu wasio na uwezo wa karo waangalie pia KenSAP na Equity Leaders Program, ambazo huwashika mkono waombaji hatua kwa hatua. Nafasi zao ni za ushindani.

## Hatua ya 9: Baada ya kutuma

Siku chache baada ya kutuma, kila chuo hukupa ukurasa wako wa mwombaji. Humo kuna orodha: ripoti ya shule, transkripti, barua, alama za mtihani, kila kimoja na alama ya kupokelewa au kutopokelewa. Ingia kila wiki. Hati huchelewa kusajiliwa, kwa hiyo usipanike siku ya tatu. Lakini baada ya wiki mbili bila mabadiliko, mpigie mwalimu wako kwanza, kisha andikia chuo.

Kama uliomba kabla ya matokeo, slipu ya KCSE ikitoka tuma nakala siku hiyo hiyo kupitia ukurasa huo, na mshauri naye aitume upande wake. Matokeo mazuri ya Januari huweza kubadilisha mawazo ya watu ambao bado hawajapiga kura.

Ukikubaliwa, chuo kitataka uthibitisho wa mwisho. Baadhi huridhika na nakala ya cheti iliyothibitishwa na shule. Vingine hutaka KNEC yenyewe iwatumie. Ombi hilo hufanywa mtandaoni kupitia mfumo wa KNEC uitwao QMIS: unafungua akaunti, unachagua uthibitisho wa matokeo, unaandika mtihani, mwaka, nambari ya mtahiniwa na anwani ya chuo, unalipa, kisha unafuatilia hali ya ombi hapo hapo. Anwani ya chuo iandike jinsi ofisi ya udahili ilivyokupa, pamoja na nambari yako ya mwombaji, ili barua ikifika isikae kwenye sanduku la barua zisizo na mwenyewe.